Sura ya Saba: Nipigie, Nitakuja

Novemba jijini Dar es Salaam ina kelele zake. Mtihani wa kidato cha nne ukishakwisha, mashati meupe ya shule yanaandikwa majina na utani kwa kalamu ya wino mzito, picha zinapigwa, na kabla jua halijazama tayari kuna mahali pa kukutana: uani kwa mwenzao ambaye wazazi wamesafiri, kiukumbi cha Sinza kilichochangiwa elfu tano tano, au ufukweni Kigamboni ambako mmoja amebeba spika. Nairobi nako ni msimu huohuo, mtihani wa KCSE ukifikia ukingoni. Inafuata Krismasi, mkesha wa mwaka mpya, Pasaka, Idi, na bethidei zisizokwisha. Kama una mtoto wa miaka 15, 16 au 17, ataalikwa. Pengine wewe utakuwa wa mwisho kujua.

Jibu linalotujia haraka ni kupiga marufuku. Silidharau. Kuna pati ambazo mtoto hapaswi kwenda na mzazi anapaswa kusema hapana, neno moja, bila hotuba. Lakini tumeitegemea marufuku kuliko uwezo wake. Anayezuiwa kila kitu hujifunza kuaga kwa uongo: analala kwa shangazi, wana mjadala wa fizikia, kuna mkesha wa vijana kanisani. Usiku huo mambo yakimharibikia, hana wa kumpigia, kwa sababu kumpigia baba ni kukiri kwanza kwamba hayuko kwa shangazi.

Tukumbuke Tabora. Siku ya Idi el Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwenye disko toto, wamekosa hewa na kukanyagana ndani ya ukumbi uliojazwa kupita kiasi. Ilikuwa sikukuu, wengi wao walikuwa wadogo, wamevaa nguo mpya, na wazazi waliowapa hela ya kiingilio waliamini wamewapeleka mahali salama. Tangu hapo, sikukuu zikikaribia, makamanda wa polisi wa mikoa hutangaza kwamba disko toto ni marufuku. Ni tangazo la haki. Ila wenye miaka 16 hawaendi disko toto. Wanakwenda kwenye nyumba isiyo na mwenyewe, ambako hakuna kamanda anayefika kukagua.

Afrika Kusini iliona jambo kama hilo usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2022. Vijana 21 walikufa katika baa moja mjini East London, baadhi yao wakiwa wamekwenda kusherehekea mwisho wa mitihani. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 13.

Nayataja haya mawili kwa sababu mzazi wa kwetu akisikia pati, akili yake hukimbilia mimba na pombe. Ni mara chache atauliza kuhusu mlango. Ukumbi una milango mingapi, na ule wa nyuma umefungwa kwa kufuli? Watu wangapi wamealikwa, na tangazo limerushwa kwenye status za wangapi? Umeme ukikatika, jenereta limewekwa wapi, nje au ndani ya korido? Jenereta linalonguruma ndani ya nyumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Kwa maswali hayo hutaonekana mshamba, na kijana anayajibu kwa urahisi kuliko maswali ya “utakuwa na nani”.

Swali la nani mtu mzima atakayekuwepo ulipeleke kwa mtu mzima mwenyewe. Hapa sisi tuna bahati. Kumpigia simu mzazi usiyemjua si utovu wa adabu kwetu. Salamu inafungua njia. “Habari za nyumbani, mama. Mimi ni mama yake Asha, anasoma na kijana wako. Nasikia Jumamosi wanakutana hapo kwenu, nikasema nikujulie hali, na niulize kama nilete chochote.” Sentensi ya mwisho ndiyo ufunguo. Mwenye nyumba akijibu kwamba Jumamosi atakuwa Moshi kwenye msiba, mmeshaokoana wawili. Na ikiwa nambari ya mama huyo haipatikani, mtoto anakuambia simu yake imeharibika, na dada wa kazi ndiye “mtu mzima” anayetajwa, basi hapo ndipo hapana inapopata kazi yake.

Mtoto mwenyewe tumweleweje? Wazazi wengi husema, “Huyu wangu ana akili, nyumbani hanisumbui.” Ni kweli, na haitoshi. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, waliwapa watu wa rika mbalimbali mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambapo mchezaji huamua asimame au ajitose taa inapokaribia kugeuka nyekundu. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitosa zaidi sana wenzao walipokuwa pembeni wakiangalia kuliko walipocheza peke yao. Kwa watu wazima wa miaka 24 na kuendelea, kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha kitu. Binti yako mwenye busara sebuleni ni mkweli kabisa anapokuahidi hatagusa pombe. Lakini atakayekabidhiwa glasi saa nne usiku ni binti yuleyule akiwa mbele ya macho ya wenzake 15 wanaomjua. Maazimio ya sebuleni lazima yaandaliwe kwa ajili ya macho hayo.

Ndiyo maana napendelea mazoezi kuliko mawaidha. Mpe maneno ya kusema. “Natumia dawa” ni jibu ambalo hakuna anayelihoji. “Mzee wangu ananinusa nikifika mlangoni” ni jingine, na kwa baadhi yetu ni kweli tupu. Mruhusu akutukane kidogo: aseme mama yake ni mkali, hana akili, ana wazimu wa saa. Lawama zote akutupie wewe. Mtoto anayeweza kumsingizia mzazi ana mlango wa kutokea bila kuaibika mbele ya wenzake, na kwa rika lile aibu inauma kuliko kiboko.

Kuhusu pombe yenyewe, tuzungumze kama watu wanaoijua. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na hilo lilisaidia, maana kiroba kilikuwa kinauzwa kwa bei ya peremende na kuingia kwenye soksi. Lakini chupa ndogo za pombe kali bado zinaingia mfukoni, na kwenye pati za vijana pombe haiji mezani na lebo yake. Inakuja ndani ya ndoo ya juisi ambayo kila mwenye chupa amemimina chake, au ndani ya soda iliyokwisha kufunguliwa. Siku hizi huchanganywa na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo humfanya mnywaji ajisikie macho wakati damu yake imeshalewa. Kijana ajue jambo moja la ini: bia ya nusu lita humchukua mtu mzima saa mbili au zaidi kuimaliza mwilini. Kahawa, maziwa, ndimu na maji ya baridi havimwondolei mtu pombe mwilini, vinamlowesha tu. Muda peke yake ndio unaofanya kazi hiyo.

Halafu kuna kinachowekwa ndani ya kinywaji. Nairobi wanakiita mchele, dawa za usingizi zinazotiwa kwenye glasi ya mtu ili aibiwe au afanyiwe vibaya zaidi. Kanuni ni fupi: kinywaji akifungue mwenyewe, akishike mwenyewe, na glasi ikiachwa, imeachwa. Waambie wavulana pia. Wanaoamka hawana simu wala viatu si wasichana peke yao.

Wapo wazazi, hasa wale waliosoma kidogo na kusafiri, wanaosema bora wanywe nyumbani nikiwaona. Nimeisikia hoja hiyo ikitolewa kwa kujiamini sana. Watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana karibu 2,000 kwa miaka sita, wakachapisha matokeo mwaka 2018: vijana waliopewa pombe na wazazi hawakupata kinga yoyote, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata pombe kwingine pia. Kwetu kuna jambo la ziada. Mtoto wa jirani anayenyweshwa sebuleni kwako si wako, na umri wa kisheria ni miaka 18 Tanzania na Kenya zote mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, nikiambiwa nichague moja tu katika sura hii, nitalichagua. Ni safari ya kurudi.

Pati ina mwanzo unaojulikana. Mwisho wake haujulikani. Mtoto anapelekwa saa kumi jioni na gari la mjomba, amependeza, kila mtu anajua alipo. Saa sita usiku daladala zimekwisha, simu ina chaji asilimia nne, aliyemwahidi lifti amelewa, na pembeni kuna bodaboda asiyemfahamu anayesema atawapakiza watatu, mishikaki, kwa bei ya mmoja. Maamuzi mabaya ya usiku huo mengi yanafanywa kwenye kona hiyo, na anayeyafanya si mtoto mbaya. Ni mtoto asiye na nauli.

Kwa hiyo usafiri upangwe kabla nguo hazijapangwa. Awe na hela ya kurudi ambayo haiko kwenye pochi moja na simu. Awe na namba ya bodaboda au bajaji wa kijiwe chenu, mtu anayejulikana kwa mwenyekiti wa kijiwe, mliyekubaliana naye bei na kumlipa anapomfikisha mlangoni. Akipanda gari la kuitwa kwa programu ya simu, alinganishe namba ya gari kabla ya kufungua mlango na akutumie. Kofia ngumu avae, hata kama imemharibia nywele za elfu hamsini. Na namba yako ya simu aijue kwa kichwa, tarakimu zote kumi. Vijana wengi leo hawajui namba ya mama yao. Inakaa kwenye simu, na simu ndiyo ya kwanza kupotea.

Lakini nauli na namba hazifanyi kazi bila ahadi. Mwaka 1981, katika mji mdogo wa Wayland, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu aitwaye Robert Anastas alikuwa amepoteza wanafunzi katika ajali za magari, akaanzisha na wanafunzi wake chama cha kupambana na uendeshaji wa gari kwa ulevi. Walichokitunga kilikuwa mkataba wa ukurasa mmoja kati ya mtoto na mzazi. Mtoto anaahidi kupiga simu akikwama au akiwa na dereva aliyelewa. Mzazi anaahidi kumfuata saa yoyote, mahali popote, bila maswali wala ugomvi usiku huo. Mazungumzo yatakuwepo, ila siku nyingine.

Wazazi wa huku wakisikia “bila ugomvi” huguna. Mtoto amedanganya, amelewa, umemtoa Mbezi saa nane usiku, halafu unyamaze? Ndiyo, unyamaze. Mpe maji, mpe kanga ajifunike, mrudishe. Kesho yake mchana, mkishakula, mtaongea, na adhabu ikiwepo iwe ya uongo au pombe, isiwe ya kupiga simu. Ukimchapa kwa kukupigia, hutapigiwa tena, na dada yake mdogo aliyekuwa anasikiliza chumbani naye hatapiga. Nasema hivi hasa kwa nyumba za dini ambako pombe haiguswi kabisa. Mtoto wa nyumba hizo akikosea ana hofu mara mbili, kwa hiyo ahadi yake inapaswa kuwa ya wazi mara mbili.

Kuna njia ya kumrahisishia. Kubalianeni ujumbe wa siri, kitu cha kawaida kama “Bibi ameamkaje?” Akiutuma, wewe unampigia mara moja, kwa sauti ya juu, unamwambia nyumbani kuna jambo, atoke nje sasa hivi, gari linakuja. Wenzake wanakusikia. Yeye anakunja uso, analalamika, anabeba mkoba. Hana salio? Mitandao yetu ina ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Kubalianeni kwamba ukiuona baada ya saa tatu usiku, maana yake ni hiyohiyo.

Na ikiwa wewe ndiye anayeogopwa, ukubali hivyo. Baba wengi hawatapigiwa hata waahidi nini. Pwani palikuwa na somo, na kwingi bara palikuwa na shangazi au mjomba ambaye kijana alimweleza yasiyosemeka kwa mzazi. Nafasi hiyo ipo bado, tumeiacha wazi tu. Mchagueni pamoja mtu mmoja mzima, mama mdogo, binamu aliyeoa, jirani wa kanisani au msikitini, ambaye atapokea simu ya saa saba na atamfuata. Wewe utaarifiwa asubuhi. Itakuuma kidogo, mtoto atakuwa hai.

Wenye wavulana, nataka tukae hapa kidogo. Mabinti tunawaonya mpaka wanachoka; wavulana tunawaambia “usilewe sana” tukidhani tumemaliza. Mvulana wa miaka 17 aambiwe bila kuzungushwa kwamba msichana aliyelewa hawezi kukubali chochote, na kwamba kunyamaza kwake si ruhusa. Aambiwe pia sheria. Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Picha au video ya utupu ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayeisambaza kwenye grupu “kwa utani” hasalimiki kwa sababu hakuipiga yeye. Kuliko vitisho vyote hivyo, mpe kazi: akiona mwenzake anavutwa chumbani hali ya kusimama hana, aende akamwite jina kwa sauti, aombe wimbo uzimwe, amwage soda kama hana la kufanya. Wavulana wengi wangesaidia kama kuna mtu angewahi kuwaambia kwamba kusaidia ni uanaume.

Mambo yakiharibika, kuna ya kujua kabla. Aliyezimika kwa pombe asiachwe alale “apumzike”. Alazwe ubavu, mdomo ukielekea chini ili akitapika asijisonge, na mtu akae naye. Akiwa haamki hata akifinywa, akipumua taratibu na kwa kukatikakatika, ngozi ikiwa baridi, huyo ni wa hospitali, na ni wa sasa hivi. Asilazimishwe kutapika. Rafiki zake mara nyingi wanaogopa kumpeleka kwa sababu watajulikana walikuwa wapi. Mwanao ajue kutoka kwako kwamba wewe hutamlaumu aliyempeleka mtu hospitali, hata kama uliambiwa walikuwa kwenye mjadala wa fizikia.

Akiwa amefanyiwa ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano, nazo hufanya kazi vizuri zikiwahi. Asioge kwanza, ingawa ndilo atakalotaka kuliko yote, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Tanzania, vituo vya polisi vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa fomu ya PF3. Kenya ni P3. Mwenye kuvuja damu au kupoteza fahamu hospitali ni kwanza, fomu ifuate. Neno la kwanza kutoka kinywani mwako lisiwe “nilikuambia”. Atalikumbuka miaka 40.

Ukiwa wewe mwenye nyumba, chakula kiwe kingi na kitoke mapema: pilau, chapati, bajia, mishikaki ya kweli. Aliyeshiba hanywi kwa pupa, na pombe iliyoingia kwa siri humpanda polepole. Orodha ya wageni ikae getini na mtu mzima, si mlinzi wa miaka 19. Saa ya mwisho itangazwe pamoja na mwaliko, na jirani na mjumbe wajulishwe. Wewe usijifungie chumbani na wala usikae katikati ya sebule kama msimamizi wa mtihani. Pita na sinia. Mama anayekusanya vyombo huona kila kitu.

Iceland iliwahi kuwa na vijana walevi kuliko nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Serikali ilitoa fedha za michezo na muziki na kuweka saa za mwisho za watoto kuwa nje, lakini wazazi nao walitoka, wakatembea mitaani Ijumaa usiku kwa makundi, wamevaa makoti. Sisi tayari tuna grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa, linalotumika kutumiana sala za asubuhi na malalamiko ya ada. Litumieni Novemba hii. Andika tu: “Jumamosi nani yuko na vijana, na nani ana gari la kuwarudisha?”

Na kabla ya Jumamosi hiyo, chukua simu ya mwanao, mbele yake na kwa ridhaa yake, muweke humo namba 116. Ni ya bure, inapokelewa Tanzania na Kenya, na anayepokea amefundishwa kumsikiliza mtoto. Aipige siku ambayo, kwa sababu yoyote, hataweza kukupigia wewe.